Namba Kumi Ilikuwa na Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa meza wala kiti. Nilionyeshwa daftari. Mkuu wa Idara ya Programu alilitoa kwenye kabati la chuma, akapangusa jalada kwa kiganja, akalifungua mbele yangu na kusema, "Binti, kazi yetu iko hapa. Hayo mengine ni kelele." Lilikuwa daftari kubwa jeusi la jalada gumu, kama lile la wageni katika ofisi ya chifu. Ndani mlikuwa na namba, sifuri hadi kumi na tano, na mbele ya kila namba jina la kadi, jina la mtu, tarehe, na sahihi ya Mkuu mwenyewe.

Nitawaeleza namba hizo zilikuwa za nini, maana naona nyinyi vijana mnaandika draiva bila kujali zinatoka wapi. Lakini kabla ya hapo nataka niseme jambo moja, msije mkadhani bibi huyu amekuja kuwasimulia jinsi zamani ilivyokuwa tamu. Kwa sababu ya daftari hilo, mtu aliyenifundisha kazi alipoteza kazi yake na jina lake. Anaitwa Mutiso. Siku aliyohukumiwa nilikuwa kwenye chumba hicho hicho, nilikuwa naujua ukweli, na niliulizwa. Nikafyata ulimi.

Karakana yetu ilikuwa mjini Machakos, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Asubuhi ukipanda ngazi ulipokewa na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na jioni uliirudisha nyumbani kwenye nywele. Tulikuwa tunaunda kompyuta za kulinda mitambo: pampu za maji, tanuri, vyumba baridi. Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu, zimenunuliwa mkono wa pili Nairobi. Kadi za ndani tulizichoma wenyewe kwa risasi ya kuunganishia waya, na programu tuliandika wenyewe.

Sasa, kompyuta ina ubongo mmoja ambao daima uko na shughuli. Kadi ya kupima joto ikiwa na habari, ubongo utajuaje? Njia ni mbili. Ya kwanza ni ubongo wenyewe kwenda kuchungulia kila mara: kuna habari? Hakuna. Kuna habari? Hakuna. Hiyo inachosha. Ya pili ni kadi kupiga hodi. Inavuta waya mmoja, ubongo unaacha ulichokuwa ukifanya na kusikiliza. Vitabuni jambo hilo linaitwa katizo. Sisi tuliita hodi, na mpaka leo sijaona jina lililo bora zaidi. Kila waya wa hodi una namba yake, ili ubongo ujue ni nani yuko mlangoni.

Katika mashine zile waya zilikuwa kumi na sita tu, na nyingi zilikuwa zimeshakaliwa. Saa ilikuwa na yake, kibodi yake, diski zake. Za kugawana zilibaki nne, tano ukibahatika. Na kadi mbili hazingeweza kutumia waya mmoja. Moja ingeziba mdomo wa nyingine. Kwenye kadi ulichagua namba kwa jampa, kikofia cha plastiki kama punje ya mahindi, unakichomoa hapa unakichomeka pale. Kisha draiva, ile programu inayoisimamia kadi, inaiomba kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo: naomba namba kumi. Kerneli inajibu. Sifuri maana yake umepewa. Jibu hasi maana yake hapana, ina mwenyewe.

Mutiso ndiye alinifundisha kusoma jibu hilo. Alikuwa mtu wa Matuu, mwembamba, mpole hadi unaudhika, na shati lake lilikuwa na alama za moto wa kuchomea risasi. Alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka tukamcheka. "Mwende, usiombe kitu halafu uende zako kabla hujajibiwa. Hata kwa watu hiyo si tabia nzuri." Katika kila faili yake kulikuwa na mistari minne ya kazi hiyo. Soma jibu. Ukikataliwa, andika kwenye kioo cha kompyuta kwa herufi kubwa kwamba umekataliwa. Kisha simamisha mashine nzima. Wenzetu walimwambia anazidisha. Yeye aliwajibu kuwa mashine iliyosimama itampigia mtu kelele aje aitengeneze, lakini iliyonyamaza itamdanganya.

Mkuu wa Idara hakupenda kelele. Alikuwa mtu nadhifu, mzee wa kanisa, viatu vinang'aa hata siku ya vumbi, na namba zile alizigawa kama ploti. Ulisimama mlangoni kwake ukisubiri, anamaliza gazeti, anamaliza chai, ndipo anauliza, "Ni nini?" Ukieleza kadi yako, analitoa daftari na kukuandikia. Akiwa amependezwa nawe aliandika kwa kalamu. Akiwa hajaamua aliandika kwa penseli, anasema ni ya muda. Na nyinyi watu wa Ukambani mnajua ploti ya muda huishia wapi. Mtu anajenga, mwingine anakuja na karatasi.

Mwaka wangu wa pili hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilituagiza mashine ya kulinda chumba baridi cha chanjo. Mutiso alipewa kadi ya joto. Kazi yake: joto likipita kiwango, ipige hodi. Mimi nilipewa kadi ya simu. Hodi ya Mutiso ikisikika, kadi yangu inapiga simu nyumbani kwa muuguzi mkuu. Ilikuwa draiva yangu ya kwanza ya peke yangu, na nilijiona nimefika. Baba yangu huko Kola alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake anatengeneza simu zinazojipiga zenyewe.

Nilienda kuomba namba. Mkuu akapitisha kidole kwenye ukurasa.

"Tumia kumi."

"Kumi ni ya Mutiso, sir. Kadi ya joto."

"Ya Mutiso tutaipeleka kumi na moja. Mimi nitamwambia."

Akaandika jina langu kwa penseli, akafunga daftari. Niliondoka nikiimba. Mutiso hakuambiwa, na jampa yake ilibaki kwenye kumi. Mashine zote mbili za majaribio zilikuwa kwenye meza tofauti, yake yenye kadi ya joto na yangu yenye kadi ya simu, kwa hivyo hakuna aliyegundua. Kadi hizo zilikutana kwenye sanduku moja siku ya kufungwa, na sanduku likaenda hospitalini. Wakaguzi wa hospitali wakahesabu kadi, wakatia muhuri.

Halafu mama yake Mutiso akafa. Akaenda Matuu kuzika.

Kesho yake, siku moja kabla ya kukabidhi mashine, mimi na Mkuu tulienda kuiwasha kwa mara ya kwanza. Draiva yangu ya simu ilianza mapema, kwa sababu simu ilichelewa kuamka, ikaomba namba kumi na kupewa. Ikafuata ya Mutiso, ikaomba namba kumi. Kioo kikaandika kwa herufi kubwa: KADI YA JOTO, NAMBA 10 IMEKATALIWA. NASIMAMA. Na mashine ikasimama, kama Mutiso alivyoiagiza.

Nilijua mara moja. "Sir, ni ile kumi. Hatukuihamisha. Tufungue sanduku, tuweke jampa ya Mutiso kumi na moja, nibadilishe namba kwenye draiva. Ni saa moja tu."

Mkuu akaangalia mlangoni, ambako karani wa hospitali alikuwa akipanga viti vya wageni. Akashusha sauti. "Sanduku limekaguliwa, limetiwa muhuri. Nilifungue mbele ya hawa watu? Tutaonekana wanafunzi."

"Lakini ikibaki hivi haiwezi kuamka."

"Haiwezi kwa sababu ya hiyo mistari ya Mutiso ya kupiga kelele. Itoe. Mutiso akirudi atarekebisha mambo yake."

"Nani atamwambia, sir?"

"Mimi ni mkuu wa nani hapa? Nitamwambia mimi. Wewe toa."

Nikaketi kwenye kibodi na kuifuta ile mistari minne. Haikunichukua hata dakika mbili. Nilipoiwasha tena mashine iliamka vizuri sana, na kioo kikaonyesha joto la chumba, namba nzuri za kijani. Hapo ndipo mlipaswa kunishangaa, nyinyi mnaoijua kazi. Namba za kijani zilipatikana kwa kuchungulia; programu ya kioo ilikwenda yenyewe kusoma kadi kila baada ya muda. Hodi ndiyo haikuwepo. Draiva ya Mutiso ilikuwa imeomba, imekataliwa, na sasa haikuwa na habari kwamba imekataliwa. Kadi ingepiga hodi mpaka iungue, na mlango ungekuwa si wake.

Jaribio lilikuwa rahisi. Unashika kipima joto ndani ya kiganja mpaka kipate moto, unasubiri simu ilie. Nililijua jaribio hilo, Mutiso alinifanya nilirudie mara nyingi karakanani. Nilinyoosha mkono kabisa. Mkuu akasema, "Wacha, wageni wamefika kuangalia," na kweli daktari mkuu alikuwa mlangoni akitabasamu. Nikarudisha mkono. Kesho yake palikuwa na maombi, hotuba na keki, na Mkuu akasifiwa kwa kazi safi.

Mutiso alirudi baada ya wiki, amenyoa nywele, amekonda zaidi. Nilimpa pole. Nilisema moyoni, Mkuu ameshamwambia. Siku ya pili nikasema, atamwambia leo. Siku ya kumi nikasema, sasa nikimwambia mimi atauliza mbona nilikaa kimya siku kumi. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyokwenda, msidhani mtu anaamka asubuhi akaamua kuwa mwongo. Na faili ya zamani haikuwepo tena. Wakati huo hatukuwa na mitambo yenu ya kutunza historia ya kila mstari. Tulikuwa na disketi, na disketi ikijaa tuliandika juu yake.

Mtambo wa baridi uliharibika wikendi moja. Jumatatu muuguzi mkuu alifungua chumba akakuta joto kama la nje. Kioo kilikuwa kikionyesha joto hilo bila wasiwasi, namba za kijani zile zile. Simu yake haikuwa imelia. Chanjo yote ikamwagwa. Akina mama waliokuwa wametembea na watoto mgongoni waliambiwa warudi mwezi ujao, na baadhi yao walikuwa wa kwetu Kola. Mke wa kaka yangu alikuwa mmoja wao. Nilipoenda nyumbani aliniuliza bila ubaya wowote, "Asi! Mwende, kwani ile mashine yenu ilikuwa imelala?" Nilisema sijui, bado tunachunguza. Nikala chakula chake.

Mkurugenzi alituita. Alikuwa mtu wa kuja mara moja kwa mwezi kutoka Nairobi, hajui draiva ni nini, na alitaka jina. Tulikuwa wanne mezani: yeye, Mkuu, Mutiso na mimi. Mkuu alikuwa na karatasi za printa za faili ya kadi ya joto, jina la Mutiso likiwa mstari wa kwanza, na chini yake lile daftari.

"Nani aliandika hii?" Mkurugenzi akauliza.

"Ni mimi," Mutiso akasema.

Mkuu akaeleza kwa sauti ya huzuni, kama anayesoma wasifu wa marehemu. Kwamba namba kumi ilitolewa kwa kadi ya simu. Kwamba Mutiso alipewa kumi na moja. Kwamba Mutiso hakubadilisha jampa, na juu ya hayo hakusoma jibu la kerneli, jambo ambalo hata mwanafunzi anajua. Akageuza daftari ili Mkurugenzi aone. Penseli haikuwepo. Jina langu lilikuwa mbele ya namba kumi kwa kalamu nyeusi, na sahihi, na tarehe. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaisoma tarehe. Ilikuwa ya kabla mimi sijaanza kazi pale. Mzee alikuwa ameghushi kwa haraka, akajikwaa hapo.

Mutiso hakuangalia daftari. Alikuwa ameshika karatasi za faili yake, anazigeuza, anarudi mwanzo, anazigeuza tena. "Mimi husoma jibu," alisema. "Mimi husoma jibu kila siku." Halafu, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na haraka, mama alikuwa mgonjwa." Akaniinulia macho. "Mwende, wewe uliwasha hii mashine. Kulikuwa na ile mistari minne, ama haikuwepo?"

Sikuona hasira machoni pake. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

Mkuu alikuwa ananitazama pia. Wiki hiyo hiyo alikuwa ametia sahihi barua yangu ya kuajiriwa kwa kudumu. Ilikuwa bado mezani kwake. Nilifikiria baba na majirani zake. Nilifikiria kurudi Kola na vyeti kwenye bahasha. Niliogopa, basi, sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

"Sikumbuki," nikasema.

"Neena, Mwende," akaniambia kwa Kikamba, polepole. Sema.

"Sikumbuki, Mutiso."

Aliachishwa kazi siku ile, na barua yake ilikuwa na neno uzembe. Kazi yetu wakati huo ilikuwa ya watu wachache wanaojuana. Kila alikoomba, walimpigia Mkuu simu kuuliza habari zake, na Mkuu aliwaambia kwa huzuni ile ile. Baada ya muda tukasikia amerudi Matuu. Mimi nikapewa meza yake. Kwenye droo nilikuta jampa zake, amezipanga kwenye kopo la dawa za kikohozi, na kijikaratasi chenye mwandiko wake: hesabu kabla ya kufunga. Sikuthubutu kukitupa wala kukitazama tena.

Mengine ni ya kupanda ngazi. Nikawa Mhandisi, nikawa Mhandisi Mwandamizi. Mkuu alistaafu kwa heshima, na alipokufa tulijazwa kwenye mabasi kwenda kumzika. Msomaji wa wasifu alisema marehemu hakuwahi kuvumilia kazi mbovu. Nilikohoa mpaka watu wakanipa maji. Kampuni ikahamia Syokimau kwenye jengo la vioo, nikapata bosi mpya, Meneja wa Uhandisi, kijana aliyesoma ng'ambo, ambaye alipoliona daftari kwa mara ya kwanza alicheka. "Madam, mlikuwa mnagawa katizo kwa mkono? Kama chakula cha msaada?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kadi mpya hazina jampa. Kwanza zilikuja zile zinazoweza kushirikiana kwenye waya mmoja, hodi ikipigwa kila draiva inaulizwa, ni yako? na inapaswa kujibu kwa ukweli. Baadaye waya wenyewe ukaondoka. Siku hizi kadi inatuma hodi kama ujumbe, na namba unapewa na kerneli. Hupangi. Unaomba, unapokea, unatumia uliyopewa. Kwenye kompyuta ndogo za bodi moja kuna faili ya maelezo ambayo kerneli huisoma kujua kipi kimeunganishwa wapi, nawe unaiuliza kerneli. Mzee mmoja na penseli yake hana nafasi tena hapo, na nawaambia, katika yote yaliyobadilika hilo ndilo pekee lililonifurahisha.

Lakini kukataliwa bado kupo. Kerneli bado hujibu hasi, na bado kuna watu ambao hawasomi. Nilipokuwa Mkuu wa Idara niliweka sheria kwamba draiva isiyosoma jibu haipiti mezani kwangu. Nilipiga kelele. Nilirarua kazi za watu. Kuna binti mmoja, Faith, aliandika namba yake mwenyewe ndani ya draiva badala ya kuiuliza kerneli, na jibu hakulisoma. Nikamuuliza mbona. "Lakini inawork, Madam," akasema. Nilimfokea mpaka akakimbilia chooni, akatoka na macho mekundu. Waliniita Madam Soma-Jibu. Walidhani ni ukali wa kupenda kazi, na wengine wakaanza kunisifu kwenye mikutano kwamba nina misimamo. Msimamo gani? Nilikuwa narudia maneno ya mtu niliyemzika akiwa hai.

Siku ya kuniaga walileta keki. Kila mara ni keki. Meneja akatoa hotuba, kisha Faith, ambaye sasa ni mhandisi mzuri kuliko nilivyokuwa mimi, akaleta kitu kimefungwa kwa karatasi ya maua. "Tumekutafutia historia yako, Madam. Tumekupatia ukurasa wenye jina lako." Nikafungua. Lilikuwa lile daftari, limetiwa ndani ya fremu ya kioo, limefunguliwa kwenye ukurasa ule. Namba kumi, kadi ya simu, Mwende. Sahihi. Tarehe ya kabla sijaanza kazi. Wote walipiga makofi, na nikalia, nao wakadhani ni furaha.

Nyumbani niliiegemeza ukutani bila kuitundika. Watu husema mstaafu anapata usingizi mzuri. Labda waliostaafu kazi nyingine. Nilikaa nayo wiki tatu, kisha nikaiweka kwenye gari langu nikaenda Matuu.

Haikuwa vigumu kumpata. Kila mwenye pampu ya kisima upande ule wa Yatta anamjua. Ana duka la kusuka upya mota zilizoungua, ukuta mzima umejaa waya wa shaba. Nilimkuta anapima koili. Akapima, akaandika ukutani kwa chaki. Akapima tena, akaandika. Akapima mara ya tatu.

"Habari ya miaka, Mutiso."

Akageuka. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. "Mzuri tu, Mwende. Karibu. Uko na mota?"

"Sina mota." Nikamuuliza, kwa kukosa pa kuanzia, mbona anapima mara tatu.

"Mimi mkono wangu husahau," akasema, kama mtu anayetaja mguu wake mbovu. "Si unajua. Kuna kitu niliwahi kusahau, watoto wakakosa chanjo. Tangu hapo sijiamini. Wateja wananiona mwepesi wa shaka, wengine wanachoka kungoja, wanaenda kwa huyo wa ng'ambo ya barabara."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Miaka hiyo yote nilidhani yuko mahali fulani ananilaani, na kumbe aliamini. Ile siku alinitazama akaniuliza, mimi nikasema sikumbuki, naye akaenda zake na jibu hilo akaishi nalo.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya penseli, ya sanduku lenye muhuri, ya Mkuu na wageni wake mlangoni. Nikamwonyesha tarehe kwenye daftari. Nikamwambia mistari minne ilikuwepo, na kwamba ilifutwa kwa vidole hivi.

Aliweka kipimo chini. "Nilisoma jibu?"

"Ulisoma."

"Nikaandika mashine isimame?"

"Ulisimamisha. Ilisimama mbele yangu, Mutiso. Ilifanya kazi vile vile ulivyoitaka."

Akajifuta chaki vidoleni. Kisha akaita kuelekea nyuma ya duka, "Mama Ndunge! Kuja hapa kidogo." Mke wake akatoka akipangusa mikono na leso, akanisalimu kwa upole, hanijui. Mutiso akasema, "Huyu ni Mwende, nilifanya naye kazi Machakos. Mwende, rudia."

Nikarudia. Mbele ya mke wake neno hilo lilikuwa zito mara mbili. Mama huyo alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mumewe, akarudi ndani. Nilimsikia huko nyuma akilia.

Niliomba msamaha. Mutiso alitikisa kichwa, na sikuweza kujua kama ni kukubali au kukataa. "Msamaha ni wa watu wawili," akasema. "Uzembe wangu ulisomwa na watu wengi. Nenda ukaandike mahali pa kusomwa." Akanirudishia fremu, hakuitaka dukani kwake. Kisha akaichukua ile koili aliyokuwa amekwisha kuipima mara tatu, akaishika bila kuipima tena, akaifunga ndani ya mota.

Kwa hivyo nimeandika. Kama uliwahi kusikia popote kwamba Mutiso wa kadi ya joto alikuwa mzembe, ujue kwamba aliomba namba kumi, akasoma jibu, akakataliwa, akapiga kelele na kusimama. Mistari hiyo minne ilikuwa yake, na ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeifuta.